Kinyonga yupi umfuge: wa Yemen, wa Madagaska au wa Jackson?

Wauza kinyonga huuza rangi. Mnunuzi huona dume la Madagaska, buluu na nyekundu kama kanga iliyotoka dukani leo, analipa, na baada ya miezi mitatu anagundua kwamba alichonunua hasa ni kazi: kazi ya maji, kazi ya joto, na kazi ya kufuga wadudu ambao watakuja kuliwa. Kwa hiyo hapa rangi tutaiacha nyuma. Maswali mawili yatangulie: usiku wa manane kipimajoto cha chumba chako kinasoma ngapi, na nani yupo nyumbani wa kushughulikia maji alfajiri na usiku?

Kwa wafugaji walioko Ulaya, Marekani na Ghuba, spishi tatu ndizo zinazopatikana kwa urahisi. Kinyonga wa Yemen (Chamaeleo calyptratus) ni yule mwenye kishungi kirefu kichwani. Kwao ni milima na mabonde ya Yemen na kusini-magharibi mwa Saudi Arabia. Kinyonga wa Madagaska (Furcifer pardalis), anayeuzwa kwa jina la panther, anatoka pwani za kaskazini na mashariki za kisiwa hicho, na rangi ya dume hufuata alikozaliwa: wa Nosy Be na Ambanja hutawaliwa na kijani na buluu, wa Ambilobe ana mistari myekundu au ya buluu, wa Tamatave huelekea wekundu. Wa tatu ni wa kwetu. Kinyonga wa Jackson (Trioceros jacksonii) ni wa nyanda za juu za Kenya, na Tanzania yupo Mlima Meru. Dume ana pembe tatu usoni, na jina lake linatokana na Frederick Jackson, aliyewahi kuwa gavana wa Uganda wakati wa ukoloni.

| | Yemen | Madagaska | Jackson |
|---|---|---|---|
| Urefu wa dume, mkia ukiwemo | sm 45–60 | sm 40–50 | sm 20–35 |
| Joto la mchana kizimbani | 22–27 | 22–27 | 20–25 |
| Joto la tawi la kuotea | 29–31 | 29–30 | 27–28 |
| Joto la usiku | 16–20 | 18–21 | 10–16 |
| Uzazi | mayai 20–70, hata zaidi | mayai 10–40 | watoto hai 8–30 |
| Umri wa dume akitunzwa vizuri | miaka 5–8 | miaka 5–7 | miaka 5–8 |
| Kizimba cha dume | sm 60×60×120 | sm 60×60×120 | sm 45×45×90 au zaidi |
| Akiguswa | mkali | mvumilivu kiasi | mpole, huficha hofu |

Joto lote hapo ni nyuzijoto za Selsiasi. Msitari wa kusoma mara mbili ni ule wa joto la usiku.

Sheria kwanza

Msomaji aliye Limuru au Nyeri atasema: huyu wa Jackson anatembea kwenye michongoma ya ua wetu, ninunue wa nini? Jibu ni fupi. Kenya, chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, huyo ni mnyamapori, na kumtia kizimbani bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ni kosa, hata kama umemwokota mlangoni. Tanzania nako kuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na kibali kinahitajika vilevile. Biashara ya kuwasafirisha nje nayo imebanwa: Kenya iliisimamisha kwa kinyonga wa Jackson mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Tanzania ikapiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Spishi zote tatu zimo katika Jedwali la Pili la CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo kumvusha mpaka kunataka karatasi. Kumtia kwenye begi ukirudi London baada ya likizo ni magendo, na yeye mwenyewe hafiki salama.

Sheria hii inamgusa mnunuzi hata akiwa mbali. Wa Yemen na wa Madagaska wengi walioko sokoni wamezaliwa vizimbani. Wa Jackson ni mchanganyiko: Marekani wengi wana asili ya Hawaii, ambako vinyonga wa Kenya walipelekwa mwaka 1972 kwa ajili ya duka la wanyama, wakatoroka na kuzaana msituni. Aliyekamatwa porini huja na minyoo, upungufu wa maji na woga. Anahitaji kupimwa choo na kukaa peke yake kwa miezi miwili hivi kabla hujamhesabu kuwa mzima. Kwa mtu anayeanza, swali la kwanza kwa muuzaji liwe: huyu alianguliwa au alizaliwa wapi, na lini? Akibabaika, ondoka.

Usiku ndio unaoamua

Wa Jackson anatoka kwenye miteremko ambako mchana ni wa vuguvugu na usiku ni wa sweta. Mwili wake umezoea kushuka joto kabisa gizani. Hapo ndipo anapopumzika. Ukimweka kwenye chumba chenye nyuzijoto 25 usiku kucha, hafi kesho. Anakula vizuri wiki za mwanzo, kisha anapunguza, anakonda sehemu ya chini ya mkia, macho yanaanza kuzama, na mwenye naye anahangaika na vitamini wakati tatizo ni feni na dirisha. Mchana nao ukivuka nyuzijoto 30 kwa saa kadhaa, atapauka, atafungua mdomo na kuhema, na akikosa pa kukimbilia anaweza kufa siku hiyohiyo.

Wa Madagaska ni wa pwani, anastahimili usiku wa nyuzijoto 20 na ushei. Hata hivyo usimfanyie usiku kuwa sawa na mchana. Kushuka kwa nyuzijoto tano au zaidi ni sehemu ya afya yake.

Wa Yemen ndiye mwenye nafasi pana kuliko wote. Kwao kuna jua kali mchana na baridi usiku, na chumba cha nyuzijoto 16 hakimsumbui iwapo asubuhi atapata tawi lenye joto la kutosha. Sifa hii moja, kuliko bei yake, ndiyo inayofanya awe kinyonga wa kuanzia.

Kosa la kawaida hapa ni kumwonea huruma kwa mazoea yetu ya kibinadamu: taa nyekundu ya usiku, hita karibu na kizimba, blanketi juu. Vinyonga huona mwanga huo mwekundu na usingizi unakatika. Taa zote zizimwe zikishawaka kwa muda wa saa 12, na giza liwe giza.

Maji, na mahali maji yanakokwenda

Bakuli la maji ni pambo. Kinyonga kwa kawaida hatambui maji yaliyotulia. Anatambua tone linalong'aa kwenye jani. Analikazia jicho moja, anasogea, anabandika mdomo kwenye tone, na utaona koo likipanda na kushuka polepole. Akishtuka, anaacha. Ndiyo maana mtu anayemnyunyizia usoni kwa chupa anadhani kinyonga hataki maji, kumbe kinyonga anataka huyo mtu aondoke.

Utaratibu unaofanya kazi kwa wote watatu ni huu. Nyunyizia ukungu mzito kwa dakika mbili kabla taa hazijawaka asubuhi, na dakika mbili baada ya kuzimwa usiku. Mchana majani yakauke. Mchana unyevu wa hewa uwe asilimia 40 hadi 50. Usiku upande kufikia 80 na kuendelea, maana porini ukungu wa usiku humwongezea maji kila anapovuta pumzi. Mchana ongeza kidondoshea: chukua chombo cha plastiki, toboa tundu dogo la pini chini, kiweke juu ya wavu wa kizimba ili tone lianguke kwenye jani kila sekunde moja au mbili kwa dakika 20.

Lakini unyevu wa usiku una sharti. Asilimia 90 kwenye nyuzijoto 17 na hewa inayopita ni ukungu wa mlimani; asilimia 90 kwenye nyuzijoto 27 na hewa iliyosimama ni njia ya moja kwa moja ya nimonia. Kama chumba chako hakishuki chini ya nyuzijoto 22 usiku, acha mashine ya ukungu wa usiku kucha na ubaki na kunyunyizia tu.

Kipimo cha kama anapata maji ya kutosha kipo kwenye choo chake. Kila choo huja na sehemu ya kahawia na sehemu ngumu iliyo kama chaki. Chaki ikiwa nyeupe yote, au nyeupe yenye ncha ya manjano, yuko sawa. Ikiwa nusu yake ni ya chungwa au zaidi, ana kiu, hata kama umenyunyizia mara kumi. Kwenye hili watatu hawalingani. Wa Yemen huibia maji kwenye majani anayokula, kwa sababu ndiye pekee kati yao anayetafuna mimea kwa bidii. Wa Madagaska yuko katikati. Wa Jackson hukauka upesi kuliko wenzake, na ukisafiri siku mbili bila mashine ya kunyunyizia yenye taima utamkuta macho yamezama.

Kuhusu vizimba: wavu pande zote hupitisha hewa vizuri, ila wakati wa kipupwe London au Minneapolis, joto la nyumba likiwa limewashwa, wavu hauwezi kushika unyevu wowote. Kiyoyozi cha Dubai au Maskati hufanya jambo hilohilo mwaka mzima. Dawa yake ni kufunika pande tatu kwa karatasi ngumu ya plastiki inayopitisha mwanga na kuacha mbele na juu wazi. Kizimba cha kioo chenye matundu ya hewa chini na wavu juu kinafaa pia. Kile kilichozibwa chini hakifai.

Halafu lipo jambo ambalo wauzaji hawalitaji: mashine ya kunyunyizia yenye vichwa viwili, ikifanya kazi dakika nne kwa siku, humwaga zaidi ya nusu lita. Maji hayo yataishia kwenye zulia, kwenye mbao za sakafu, au kwa jirani wa chini. Toboa sakafu ya kizimba, weka trei yenye kina chini yake, na inua kizimba juu ya meza. Vinyonga hutulia wakiwa juu ya usawa wa macho ya watu. Tangi la maji lisuguliwe kila wiki, na kama maji ya bomba yana chokaa, tumia yaliyochujwa. Vichwa huziba kwa chokaa bila kutoa taarifa.

Taa

Hapa tofauti kati ya spishi ni ndogo, kwa hiyo tusikawie. Taa zinahitajika mbili. Ya kwanza ni tyubu ndefu ya UVB (mionzi ya jua isiyoonekana, inayousaidia mwili kutumia kalsiamu) aina ya T5 ya asilimia 5 au 6, ikiwa ndani ya kiakisi, juu ya wavu; mgongo wa kinyonga uwe sentimita 20 hadi 25 chini yake kwa wa Yemen na wa Madagaska, 25 hadi 30 kwa wa Jackson. Balbu ndogo za UVB zilizosokotwa hutoa mionzi kwenye eneo dogo mno, usizinunue. Tyubu ibadilishwe kila mwaka hata kama bado inawaka, kwa sababu UVB hupungua kabla ya mwanga unaouona. Jua la dirishani halihesabiki, kioo huzuia UVB karibu yote.

Ya pili ni balbu ya kawaida ya joto, wati 60 hivi, juu ya tawi la kuotea. Pima joto pale kichwa cha kinyonga kitakapofika, si pale miguu inaposhika. Kwa wa Yemen tofauti hiyo ni kubwa: kishungi chake kinaweza kupita tawi kwa zaidi ya sentimita kumi akiwa amesimama, na majeraha ya moto juu ya kishungi na uti wa mgongo huonekana zaidi kwake. Hahisi kuungua upesi; anakaa tu pale mpaka ngozi inageuka nyeusi.

Jike: hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea

Jike la Yemen ndilo la bei ya chini kuliko wote dukani, na ndilo lenye mitihani mingi kuliko wote. Hukomaa akiwa na miezi mitano au sita, na hutaga hata kama hajawahi kumwona dume. Akilishwa bila kipimo na kuoteshwa joto la nyuzi 31 kama dume, anatengeneza mayai 60 au 80 kwa mpigo, anarudia baada ya miezi mitatu minne, mifupa inaishiwa kalsiamu, na akifika mwaka wa pili au wa tatu anakufa mayai yamekwama tumboni.

Namna ya kulizuia hilo inajulikana. Akifikisha miezi mitano, shusha joto la tawi hadi nyuzi 27, na mpe nyenje watatu hadi watano kila baada ya siku moja, basi. Mayai yatapungua hadi ishirini hivi, na baadhi ya majike huruka mizunguko kabisa. Watu humwona akiomba chakula mlangoni wakashindwa kuvumilia. Huko kuomba si njaa, ni tabia yake.

Chombo cha kutagia kiwemo kizimbani siku zote. Beseni au ndoo yenye upana wa sentimita 30 na kina cha 30, ijazwe sentimita 20 au zaidi za mchanga uliooshwa uliochanganywa na udongo usio na mbolea. Unyevu wake uwe wa kutosha kiasi kwamba ukichimba shimo kwa kidole, kuta zinasimama. Siku zake zikikaribia, atashuka chini na kuzungukazunguka sakafuni, jambo ambalo kinyonga mzima hafanyi bila sababu. Kisha atachimba. Kuanzia hapo tundika shuka mbele ya kizimba na usichungulie: akikuona, anaacha shimo na kubaki na mayai, na hapo ndipo kukwama kunapoanzia. Kama amechimba siku mbili bila kutaga, au amekaa chini mchana macho yamefumba, nenda kwa daktari siku hiyo. Hakuna dawa ya nyumbani.

Jike la Madagaska nalo hutaga, lakini mayai ni machache na bila dume mara nyingi hutulia zaidi. Chombo cha kutagia anahitaji vilevile. Umri wake ni mfupi, mara nyingi miaka mitatu hadi mitano akiwa hajazalishwa sana.

Wa Jackson hatagi, anazaa. Hilo huonekana kama unafuu, na kwa mama kwa kiasi fulani ni kweli. Watoto hudondoka mmoja mmoja kwenye majani wakiwa ndani ya ngozi laini yenye utelezi, wanaipasua na kuanza kutembea papo hapo. Ugumu unaanza dakika hiyo. Una watoto ishirini, kila mmoja hana hata gramu moja, anayeweza kukauka kwa siku moja na kupata homa ya joto kwa saa moja. Wanakula inzi wadogo wa matunda na nyenje wa siku chache, mara mbili au tatu kwa siku, na wote watenganishwe mapema kwa sababu wakubwa huwakandamiza wadogo. Jike aliyewahi kupandwa huhifadhi mbegu za dume na anaweza kuzaa tena bila dume mwingine, basi ukinunua jike mkubwa wa Jackson hesabu kwamba huenda umenunua ukoo.

Ushauri wetu kwa anayeanza hauna mjadala mwingi: nunua dume, spishi yoyote. Na awe mmoja. Vinyonga wawili kizimba kimoja hawawi marafiki. Mmoja anamnyima mwenzake mwanga na chakula kwa kumkodolea macho tu, na madume ya Jackson hupigana kwa pembe.

Chakula na unga wa kalsiamu

Nyenje na mende wa kufugwa aina ya dubia ndio msingi. Viwavi vya hariri, panzi na funza wa nzi mweusi (BSF) ni nyongeza nzuri. Mdudu asizidi upana wa kichwa cha kinyonga. Mtoto ale kila siku kadiri anavyomaliza kwa dakika 15. Mkubwa ale wadudu wanne hadi sita kila baada ya siku moja au mbili. Wadudu wenyewe washibishwe siku nzima kabla kwa sukuma wiki, boga na karoti. Mchicha si chaguo zuri la kila siku, kwa sababu una vitu vinavyofunga kalsiamu isitumike. Wadudu wa shambani waache: huwezi kujua shamba gani limepigwa dawa.

Kila mlo, wapake wadudu unga mwembamba wa kalsiamu isiyo na vitamini D3. Mara mbili kwa mwezi, badilisha na unga wenye D3 na vitamini A, kwa wa Yemen na wa Madagaska. Kwa wa Jackson iwe mara moja kwa mwezi na mkono mwepesi. Yeye hudhurika upesi na wingi wa vitamini, na dalili yake ni uvimbe laini kama mto wa maji kuzunguka shingo na mabega. Ukiuona, simamisha unga wenye vitamini na uangalie joto kabla ya kitu kingine chochote. Wengi hufanya kinyume: wanaongeza vitamini.

Kumshika

Wa Yemen atajipanua, atafungua mdomo, atafoka na kisha atang'ata, na dume mkubwa akikuuma damu inatoka. Wachache hupoa, usimnunue ukitegemea hilo. Wa Madagaska wengi hupanda mkononi wakiona panzi upande wa pili. Wa Jackson huonekana mpole kuliko wote, na ndiyo hatari yake: hafoki, hang'ati, anabadilika tu kuwa mweusi na kuacha kula. Kwa nyumba yenye watoto wadogo wanaotaka mnyama wa kushika, hakuna hata mmoja kati ya hawa anayefaa. Na kama nyumbani kuna wazee waliokua wakiamini kinyonga ni mkosi, zungumza nao kabla hujaleta kizimba, si baada.

Vinyonga huficha ugonjwa mpaka unapokuwa umeiva. Macho yaliyofumba mchana ni dharura kwa spishi zote. Miguu inayopinda na taya laini ni mifupa iliyokosa kalsiamu au UVB, na huonekana zaidi kwa watoto wa Yemen kwa sababu wanakua kwa kasi. Kuhema mdomo ukiwa umeinuliwa juu, na povu pembeni, ni mapafu. Ulimi unaorushwa ukakosa shabaha mara kwa mara ni dalili ya mapema ya kalsiamu au macho, na mtu akiishughulikia hapo bado ana muda. Tafuta daktari anayetibu reptilia kabla ya kununua kinyonga; wa ng'ombe na mbwa wengi hawajawahi kumtibu.

Chumba chako, kinyonga wako

Unaishi mahali penye baridi, chumba hushuka hadi nyuzijoto 16 au 18 usiku, na unataka wa kwanza: dume la Yemen. Gharama yake ni ndogo, anasamehe makosa, na ukimwacha peke yake kizimbani ana furaha zake.

Una bajeti kubwa zaidi, unataka rangi na mnyama wa kutazama anayekuja mbele kukutazama: dume la Madagaska. Bei yake mara nyingi ni mara tatu au nne ya yule wa Yemen, na vifaa ni vilevile. Ukiwa Maskati au Doha, huyu na wa Yemen ndio pekee wa kufikiria, tena chumba kiwe na kiyoyozi usiku na umeme wa uhakika. Kiyoyozi kikizima mwezi wa Julai, nyumba ikafika nyuzijoto 38, hakuna kinyonga atakayestahimili.

Wa Jackson mchukue kama chumba chako hushuka chini ya nyuzijoto 16 usiku miezi yote, au una chumba cha chini ya ardhi kisicho na joto, na kiangazi hakivuki 27. Sehemu nyingi za Uskochi zinamfaa kuliko Texas. Bila hivyo, uzuri wa pembe zake hautasaidia.

Ukishaamua, kizimba kitangulie. Kiwashe chote, taa, taima, mashine ya maji, kwa wiki moja kikiwa kitupu, uandike joto na unyevu asubuhi, adhuhuri na usiku, mpaka namba ziwe zilezile siku tatu mfululizo. Panda mimea halisi, potosi na haibiskasi, maana wa Yemen ataila. Kisha nunua kinyonga mwenye miezi mitatu au zaidi: gusa tawi lake, uone akishika kwa nguvu kwa miguu yote minne, angalia macho yanayozunguka pande zote, yaliyojaa, mwombe muuzaji amlishe mbele yako, uuone ulimi ukipiga na kurudi.